Mzani wa Wawi

Wageni huniuliza: Unguja mbali?
Najibu kama nilivyofunzwa:
kilomita mia na ishirini na tano, ukinyoosha rula kwenye ramani,
dakika thelathini, upepo ukiwa na adabu.
Ukiamka na kiburi, thelathini na tano.
Kisha nawaambia: vua mkoba, panda mzani.

Miaka kumi na saba napima watu hapa.
Ndege ndogo, viti kumi na viwili,
kila kilo lazima ijulikane inakaa wapi.
Bibi harusi, hamsini na mbili pamoja na hina yake.
Sheha mmoja, simtaji, alivua viatu, akavua kofia,
akabana pumzi kana kwamba nayo inatozwa.
Kijana wa Wete alikuja na halua kilo sita,
akala kilo nzima mbele yangu
asilipie ziada.

Saa ya ukutani inachelewa dakika nne.
Tumeizoea, kama mtu anavyouzoea mguu wake mbovu.
Ndege ikipaa, namimina chai.
Ikitua Kisauni simu inalia: "Imefika,"
na birika bado lina joto.
Huo ndio umbali ninaoujua mimi:
vikombe viwili na nusu mkate wa kumimina.

Maana sijapanda.
Nina uzito wa kila aliyepita juu ya maji haya,
nayo maji sijayaona kwa juu.

Dada yangu Mkasi yuko Jang'ombe.
Tulikosana kwa mikarafuu mitatu.
Mitatu! Na mmoja umeshakauka.
Aliondokea hapa hapa, nikampima mwenyewe.
Sikumwambia neno. Niliandika: sitini na nne, mkoba tisa.
Naye hakuniambia neno. Aliitazama sindano
ikitikisika, ikitikisika, mpaka ikatulia,
nasi tukatulia vivyo hivyo
miaka kumi na mmoja.

Basi nifanyieni hesabu, nyinyi mliosoma:
kwenda, nusu saa;
kurudi, miaka kumi na mmoja na bado.
Kilomita ni zile zile.
Ni upepo gani huo?

Jumatano ndege ya asubuhi ilishusha watu tisa
na boksi la chupa za maji, limefungwa kamba ya katani,
juu yake jina langu,
mwandiko uliofunzwa pamoja na wangu,
chuo kimoja, ubao mmoja, na bakora zile zile.
Nikaliweka kwenye mzani kwanza. Mazoea.
Kilo mbili na robo.
Ndani, shokishoki, zimeanza kulainika,
na kipande cha karatasi:

"Daktari kanipima. Arubaini na moja.
Nimeona nikwambie wewe,
wewe ndiye unayezijua kilo."

Nilikaa. Abiria akauliza kama mzani umeharibika.
Sitini na nne kutoa arubaini na moja.
Ishirini na tatu.
Huo ni mzigo wa abiria na nusu.
Ndege gani imeuchukua, na nani aliusaini?

Alhamisi nilivua viatu, nikapanda mimi.
Shaame wa mizigo alidhani nafanya mzaha.
"Sabini na moja," akasoma, akacheka, kisha akaacha kucheka.
Nikamwambia, andika.
Boksi nalo lilikuwa mkononi, narudi nalo,
nimetia karafuu za ile miti miwili iliyobaki
na kijiti kikavu cha ule wa tatu.
"Kilo ngapi hilo?"
Sikumjibu. Sikulipima.

Nilipogeuka mlangoni, saa ya ukutani
ilikuwa inasema muda haujafika.
Dakika nne.
Tumeshapaa, Wawi yote imekuwa mabati na minazi,
na kwa saa ile mimi bado nimesimama pale chini,
kalamu sikioni,
simwambii dada yangu neno.